Msumeno Butu Ndio Unaokula Vidole

Haya wadau, nimerudi. Wiki nane nilikuwa TP Korogwe, kuna waliodhani nimeozeshwa huko huko. Hapana bwana. Nimerudi na chaki kwenye kucha, deni dukani kwa Mangi, na jambo moja ambalo lisiponitoka leo ripoti ya TP haitaandikika. Jambo lenyewe ni msumeno. Najua mtasema ticha wa Fizikia na mambo ya mbao wapi na wapi. Nipeni dakika kumi.

Kwetu ni Handeni. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alimaliza Form Four, matokeo yakawa yale ya kutazama halafu unakunja karatasi. Akashuka Korogwe, kilomita kama 65 tu kwa ile lami ya Sindeni, akapata kibarua somili. Mwaka juzi msumeno ukamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nyumbani watu wakaja kutoa pole, na kila aliyekuja sentensi yake ya pili ilikuwa ile ile: "Lakini na nyie vijana muwe makini." Mwenye kiwanda naye alikuja, na sukari kilo mbili na bahasha, akasema kijana alifanya uzembe. Binamu akainamisha kichwa, akakubali. Na mimi msomi wa familia, mtu wa Mlimani, nikakubali. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Sasa nikiwa TP nilipanga chumba Manundu, na njia yangu ya kurudi kutoka shule ilikuwa inapita kwenye kiwanda kingine kidogo cha mbao. Yupo mzee pale, jina siandiki kwa sababu hajaniruhusu, nitamwita Fundi. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo Fundi," akaitikia "Marahaba mwalimu, umekuja kununua mbao au kushangaa?" Nikasema kushangaa. Akacheka, akaniambia nisimame pale, nisivuke ule mstari aliouchora kwa chokaa chini. Tukazoeana hivyo.

Mashine yake ni msumeno wa mkanda, wenyewe wanauita bendiso. Ambaye hajawahi kuiona: kuna magurudumu mawili makubwa ya chuma, moja juu moja chini, na mkanda wa chuma wenye meno unayazunguka kama mkanda wa cherehani. Gogo au mbao nene inapita katikati, inapasuliwa. Nilipima gurudumu kwa futi, mashine ikiwa imezimwa, nikapata sentimita 90. Fundi akasema linazunguka mara 600 kwa dakika. Nikapiga hesabu nyuma ya lesson plan: ni mita 28 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mabasi yetu yameambiwa yasizidi 80. Halafu kwenye basi angalau unaona linakuja. Mkanda ukiwa kwenye kasi hiyo meno huyaoni kabisa, unaona utepe laini unaong'aa, kama umesimama tu.

Na hapo ndipo Fundi aliponipa somo ambalo sikulipata darasani. Ilikuwa jioni, umeme ukakatika. Mota ikanyamaza. Kijana mmoja mgeni akanyoosha mkono aondoe kipande kilichobana. Fundi akapiga ukelele, mpaka mama wa chai ng'ambo ya barabara akasimama. Akachukua banzi, akaligusisha kwenye ule mkanda "uliozimika". Likakatwa kama siagi. Mashine imezimwa, haina sauti, lakini yale magurudumu ni mazito, kama hakuna breki yanaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu tu. Sote tulikuwa tunasikiliza mota wakati kinachokata ni mkanda. Kisha akaenda kwenye swichi akaizima kwa mkono, maana umeme ukirudi na swichi iko ON, mashine za namna ile ambazo starta yake imeondolewa au imefungwa na waya zinaamka zenyewe. Wanafizikia mnaielewa hiyo.

Asubuhi ndiyo utamu wenyewe. Nilikuwa nawahi kabla ya paredi ya shule ili nimwone. Kwanza anazima swichi kubwa ukutani, anachomoa fyuzi, anaitia mfukoni mwake. Si mezani, mfukoni. Nilimuuliza kwa nini, akasema fyuzi ikiwa mezani ni ya kila mtu. Kisha anapangusa mkanda kwa kitambaa chenye dizeli kidogo na kuukagua taratibu kwenye mwanga, hasa yale mabonde kati ya jino na jino, kwa sababu ufa huanzia pale. Mafuta yakiingia kwenye ufa unaonekana kama unywele mweusi. Akiuona, mkanda unashuka, hakuna mjadala, hata kama wateja wamepanga foleni na matela. Anakwangua utomvu na unga wa mbao uliogandia kwenye magurudumu, maana uvimbe mdogo tu unafanya mkanda uyumbe au uchomoke. Anazungusha gurudumu kwa mkono aone mkanda umekaa mahali pake. Mwisho anashusha kinga ya juu mpaka ibaki kama sentimita moja juu ya mbao itakayopasuliwa, ili sehemu ya meno iliyo wazi iwe ile inayokata tu.

Glovu? Nilidhani ndio usalama wenyewe. Kumbe akiwa anapasua havai, na anayevaa anafukuzwa, kwa kuwa jino likinasa kitambaa linavuta na mkono uliomo ndani. Glovu nene anavaa wakati wa kushusha na kupandisha mkanda tu, na hapo wanakuwa wawili. Chuma kile kina urefu wa mita sita na ushee na kimekunjwa, kikikuponyoka kinafunguka kama nyoka. Na jioni kabla ya kufunga analegeza mkanda. Ukikata unapata joto na kurefuka, usiku unapoa na kusinyaa, sasa kama umeuacha umekazwa unajivuta wenyewe mpaka unaanza kupasuka. Darasani tunafundisha mada hiyo hiyo kwa reli na nyaya za umeme!

Haya, ile hoja sasa. Siku moja nilimsimulia habari za binamu. Fundi hakuuliza kijana alikuwa makini au vipi. Aliuliza swali moja: "Ule msumeno ulinolewa lini?"

Sikujua. Nilimpigia binamu usiku ule. Akasema siku ile mkanda ulipanda saa mbili asubuhi na haukushuka, na yeye aliumia saa kumi jioni. Wanaojiheshimu wanabadilisha mkanda kila baada ya saa 2 mpaka 4, na mapema zaidi kama mbao ni ngumu au magogo yameburuzwa kwenye mchanga, kwa sababu mchanga ndio unaoua meno. Yeye anasema tangu mchana mbao zilikuwa zinatoka na mawimbi, unga umekuwa laini kama sembe, na kuna harufu ya kuungua. Hizo zote ni dalili za mkanda butu na alimwambia msimamizi. Akajibiwa wamalizie oda kwanza.

Sasa twende polepole. Msumeno mkali unakula mbao wenyewe, wewe unaielekeza tu. Ukiwa butu, hauli mpaka usukume. Unaongeza nguvu, unaegemea na mwili. Kisha linakuja fundo, mbao inakwama, unasukuma zaidi, na fundo likishapita ukinzani unaondoka ghafla lakini nguvu yako bado ipo. Umewahi kusukuma mlango uliokwama ukafunguka mara moja? Unaingia ndani na kichwa. Binamu aliingia na mkono. Kipande kilikuwa kimebaki kifupi, kijiti cha kusukumia hakikuwepo. Alikiri mwenyewe kwamba walikuwa wamekitia jikoni kupikia ugali wa mchana. Hapo kweli kuna uzembe, sikatai, wa kwake na wa wenzake. Ila uzembe wa kijiti ni wa dakika tano. Uzembe wa mkanda ulianza asubuhi, na aliyeufanya si yeye.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na mwenye kunipinga aje tukae pale Manzese ya chuo tuongee: viwanda vyetu vimetenganisha matunzo na usalama, kana kwamba matunzo ni ya mashine na usalama ni wa mtu. Ukutani wanaandika "KUWA MAKINI" kwa rangi nyekundu, halafu pesa ya kunoa wanaibania. Umakini una kikomo jamani. Mtu aliyesukuma mbao tangu saa mbili asubuhi hawezi kuwa makini saa kumi kama alivyokuwa saa tatu, hata awe malaika. Meno makali hayategemei kama umelala vizuri.

Na tatizo hili litakua. Huko Mufindi, na sehemu nyingi nchini, watu wengi walizoea ile mashine ya msumeno wa duara wanayoiita "ding-dong". Inapoteza mbao mno: njia yake moja ya kukata inaweza kula milimita 6, wakati mkanda unakula kama 2. Pasua gogo mara kumi, tofauti ni sentimita 4, mbao nzima ya inchi moja na chenji imegeuka unga. Kwa hiyo kuhamia bendiso ni jambo jema kwa misitu, naliunga mkono kwa mikono miwili. (Binamu anaunga kwa mmoja na nusu, ndivyo anavyotania mwenyewe.) Lakini msumeno wa duara fundi wa kawaida anaunoa kwa tupa pale pale ulipo. Mkanda unataka mtu aliyesomea: kunyoosha bapa, kupanua meno sawasawa kushoto na kulia, kusaga bila kuunguza chuma, kuunga ulipokatika. Wazungu wanamwita daktari wa misumeno. Tunanunua mgonjwa, daktari tunasahau.

Si kwamba biashara hii ni ngeni kwetu. Pale Mkumbara, ukipita Mombo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa inashusha mbao kutoka Shume kwa kamba za chuma angani mpaka kwenye reli ya Tanga. Zaidi ya miaka 100 ya mbao Usambara! Historia tunafundisha reli ilijengwa na nani. Vidole vya waliopasua zile mbao havimo kitabuni.

Sheria zipo. Ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi 2015. Ya Ajira ya 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi ya hatari kiwandani. Binamu hakuwa na mkataba wala jina kwenye daftari, ajali yake haikuripotiwa popote, kwa hiyo fidia yake ndiyo ile bahasha na sukari. Na darasani kwangu kulikuwa na vijana watatu wa Form Three ambao Jumamosi wanakwenda somili kuvuta mbao. Nilijua kwa kuona vumbi masikioni. Hilo vumbi nalo lisichukuliwe poa, wataalamu wa saratani wa IARC waliliweka mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Wale vijana wanafunga kitambaa mdomoni tu, pua iko nje inapunga upepo.

Niwaambie nilichofanya, mtanicheka. Wiki ya saba nilikuwa na kipindi cha marudio Form One, kanieneo. Kitabu kinasema kisu kikali hukata vizuri kwa kuwa eneo la makali ni dogo. Watoto wanakariri kwa Kiingereza, wanapata maksi, basi. Nikaacha kisu. Nikachora mkanda, nikachora jino kali na jino butu, nikachora mkono. Nikauliza: eneo likiongezeka, ili mbao ikatike ni lazima nini kiongezeke? Wakajibu nguvu. Nguvu inatoka wapi? Kimya. Kisha mmoja nyuma akasema, "Kwenye mkono wa kaka yangu, mwalimu." Mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma siku ile. Aliandika kwamba nilitoka nje ya andalio la somo. Sawa, nilitoka.

Jumapili kabla ya kurudi chuo nilipita Handeni nikamweleza binamu yote haya, na mchoro juu. Akaukodolea macho muda mrefu. "Kwa hiyo sikuwa mzembe?" Nikamwambia kile kijiti, kidogo. Akacheka. Baadaye wakati ananisindikiza stendi akauliza kama yule Fundi anachukua wanafunzi wa kunoa, na kama vidole vinane vinatosha kushika tupa. Nimempigia Fundi jana. Amesema aje Jumatatu, asubuhi, kabla fyuzi haijatoka mfukoni.