Mahindi kwa Mizani, Nondo kwa Jina



Mvua zimekatika, matanuri ya matofali yanafuka moshi kila upande wa Mpanda, na kutoka Nsemulwa hadi Kawajense misingi inachimbwa. Ni majira ya kujenga, nasi tunafurahi pamoja na kila familia inayotoka katika nyumba ya kupanga. Hata hivyo, juma hili tunalazimika kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wenye maduka, wala baadhi ya wateja wao.

Hakuna mkulima wa Katavi asiyeijua lumbesa. Ameilalamikia mikutanoni, ameipeleka kwa madiwani, na leo hakubali mpunga wake uondoke kabla hajasoma kilo kwa macho yake mwenyewe. Mkulima huyo huyo, akiisha kulipwa, huingia dukani na kusema: nipe nondo ishirini za milimita kumi na mbili. Huhesabu ishirini, hupakia, huondoka. Mahindi ameyauza kwa mizani; nondo amezinunua kwa jina.

Na jina hilo mara nyingi ni la uongo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.65 hivi. Ikiwa unene wake wa kweli ni milimita 11, uzito unashuka hadi kama kilo 8.95. Milimita moja, ambayo jicho haliioni, imeondoa asilimia 16 ya chuma. Katika nondo ishirini pungufu hilo ni kilo 34, yaani zaidi ya nondo tatu nzima. Rula haisaidii sana, kwa kuwa mbavu za nondo huipotosha. Panahitajika mizani.

Muuzaji atajitetea kwamba nondo nyembamba ina bei nafuu, na mteja ameitaka mwenyewe. Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba nondo kamili ni shilingi 24,000 na ile nyembamba ni shilingi 21,500. Gawanyeni kwa kilo. Kamili inakuja kama shilingi 2,250 kwa kilo, na ile ya "nafuu" shilingi 2,400. Aliyekimbilia unafuu kwa sababu ya umaskini wake ndiye aliyeuziwa chuma kwa bei ya juu! Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa namna hii, waliopunguza kipimo na kuichezea mizani, naye alikuwa akisema juu ya nafaka, ambayo walau mnunuzi angeweza kuipima tena nyumbani. Nondo hufukiwa ndani ya zege. Ushahidi unazikwa siku ile ile ya wizi.

Hatusemi kwamba nondo nyembamba ni dhambi, wala kwamba chuma kilichoyeyushwa kutoka vyuma chakavu hakifai. Kikiyeyushwa na kupimwa kwa uangalifu, kinafaa. Tunachokataa ni jina. Iuzwe kama milimita 11, na mhandisi apige hesabu yake akijua hivyo. Alipoandika 12 katika ramani hakuwa akikisia. Alikuwa amekwisha kupima mzigo wa nyumba na nguvu ya chuma kile.

Ipo hoja nyingine tunayoisikia sana, nayo hutoka kwa wajenzi wenyewe: "Mimi najenga nyumba ya chini, si ghorofa." Watu hukumbuka nondo linapoanguka ghorofa, kama lile la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoua watu 36 Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013. Lakini Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko liliporomosha mamia ya nyumba, nyingi zikiwa za chini kabisa, na zaidi ya watu 15 wakafa. Nasi wa Katavi tumekaa katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda huu wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne ile. Wakati huo nyumba za matofali na zege zilikuwa chache mno. Leo tumejaza mji.

Wala si lazima kungoja tetemeko. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi ulio juu yake hupindwa kila mwaka. Zege huvumilia kukandamizwa, bali likivutwa hupasuka. Nondo ipo kwa ajili ya mvuto huo. Ajengaye vyumba viwili juu ya changarawe ngumu, kwa msingi wa mawe uliopangwa vema, aweza kuhitaji nondo chache, na fedha yake ikafaa zaidi katika mkanda wa juu. Amwulize mtaalamu, anunue chache zilizo kamili, na geti la maua lisubiri.

Kwa wenye maduka tunasema waziwazi: uzeni kwa kilo, na kilo hizo ziandikwe katika risiti. Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo nao tunawaomba wafike kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bidii ile ile wanayotarajiwa kuionyesha kwenye maghala ya mazao.

Mnunuzi asisubiri wakaguzi. Nondo nzima ni ndefu mno kwa mizani ya dukani, kwa hiyo kateni kipande cha mita moja kamili na kukiweka juu ya mizani ya sukari. Milimita 8 iwe na gramu 395, milimita 10 gramu 617, milimita 12 gramu 888, milimita 16 kilo 1.58. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache tu. Kipande cha 12 kikisoma gramu 750, rudisheni mzigo wote kabla zege halijachanganywa. Asiye na mizani aje parokiani na kipande chake siku yoyote ya kazi, awe Mkatoliki au asiwe. Ile tunayopimia zaka za mavuno ipo ghalani, na katekista anao ufunguo.