Sindano ya kukuza utumbo ipo, bei ndiyo haishikiki

Mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo anaweza kupona kidonda cha nje ndani ya wiki chache, halafu shida kubwa ikabaki ndani. Anakula, lakini chakula kinapita tu. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una takriban mita 6. Ukibaki chini ya mita 2, baadhi hulazimika kulishwa kwa dripu usiku, tena kwa miaka.

Dripu hiyo si mchezo. Mrija wake hukaa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, na bakteria wakipenya hapo huingia moja kwa moja kwenye damu. Ini nalo huumia taratibu.

Mwaka 1996, Daniel Drucker na wenzake mjini Toronto, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba homoni ya GLP-2, ambayo utumbo wenyewe huitoa baada ya mlo, hunenepesha ukuta wa utumbo. Ila mwilini huvunjika ndani ya dakika chache. Ilipobadilishwa asidi amino moja tu, ikadumu zaidi. Ndiyo teduglutide, sindano ya kila siku iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2012.

Inafanya kazi? Katika jaribio la wagonjwa 86, asilimia 63 ya waliochomwa dawa walipunguza dripu kwa angalau moja ya tano. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa ilikuwa asilimia 30. Si muujiza, lakini kwa anayelala na mrija kila siku, usiku mmoja wa kulala huru si jambo dogo. Na kwa kuwa dawa hukuza tishu, vivimbe navyo vinaweza kukua, hivyo utumbo mpana hukaguliwa kwanza kwa kamera.

Sasa bei. Marekani ilianza kwa karibu dola 300,000 kwa mwaka. Sababu inayotolewa kwa dawa za namna hii ni kwamba wagonjwa ni wachache. Hata hivyo, mwaka 2015 Shire iliinunua NPS, mwenye dawa, kwa dola bilioni 5.2. Uchache huo haukumtisha mnunuzi.

Tumaini lilikuwa ushindani, nao umekwama. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikatalia glepaglutide na kutaka jaribio jingine. Aprili 2025 apraglutide, ya kuchomwa mara moja kwa wiki, nayo ikaambiwa irudi kwenye majaribio. FDA ina haki ya kudai ushahidi, ila anayesubiri ni mgonjwa, na dripu ya leo usiku iko palepale.