Njaa ya amri

Mahindi yakinyauka tunailaumu mvua, na mara nyingi ni haki. Lakini mkoa wa Morogoro umeshaona njaa nyingine, ile inayoanzia ofisini, na kila anayetoa amri kwa wakulima wa milima ya Uluguru leo anapaswa kuijua.

Njaa ya Wajerumani ilikusudiwa. Baada ya wapiganaji wa Maji Maji kulishambulia boma la Mahenge, Agosti 1905, watawala waliona bunduki peke yake hazitoshi. Ofisa wao mmoja, Kapteni Wangenheim, alisema waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Vijiji vikachomwa, ghala zikateketezwa, mazao yakaharibiwa shambani. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wetu wamefikisha 250,000 hadi 300,000. Wengi wa marehemu hao hawakupigwa risasi.

Waingereza hawakuchoma ghala. Walikuja na wataalamu. Mwaka 1950 walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na hoja yao ilikuwa ya kweli: udongo wa milimani ulikuwa unaporomoka kuingia mitoni, na Mto Ruvu unategemea milima hiyo. Wanavijiji wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi siku tatu kwa wiki. Kuchoma majani shambani kukapigwa marufuku. Mkaidi alishtakiwa na kutozwa faini.

Upande wa Matombo, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi mlimani unaufukia huo na kufunua wa chini, ambao hauwezi kulisha mahindi wala mpunga wa mlimani. Watu wakachimba, wakapanda, wakavuna haba. Siku walizotoa kwenye matuta walizikosa kwenye mashamba yao wenyewe. Upande wa pili wa milima, Mgeta, ngazi zimefaa kwa mboga, kwa kuwa kuna maji ya kumwagilia na samadi. Wazee wa koo, ambao ardhi ya Uluguru iko mikononi mwao, wangeweza kumweleza bwana shamba yote hayo kabla jembe halijagusa ardhi. Shauri lao halikutakiwa.

Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa mwaka huohuo. Uluguru haikufika kwenye njaa kuu, na shukrani ziwaendee waliokataa.

Wala kosa la kuamuru bila kuwauliza wakulima halikuondoka na mkoloni. Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ilihamisha mamilioni ya watu, wengine wakiacha mashamba waliyoyajua na kuanza upya kwenye ardhi wasiyoijua. Ukame wa miaka hiyo ulikuwa mkali kweli, lakini haustahili lawama zote za nafaka ambayo taifa lililazimika kuagiza kutoka nje.

Leo Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu, na amri zimerudi milimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye ramani mita 60 ni kamstari. Uluguru, ambako karibu kila bonde lina kijito, ni shamba zima la migomba na magimbi la familia moja. Tunaunga mkono kulinda vyanzo vya maji. Hatukubali mtu aondolewe bondeni bila kuambiwa atakula nini msimu ujao.

Njia nyingine imeshajaribiwa hapa hapa. Katika kata ya Kibungo Juu, mradi wa mashirika ya CARE na WWF uliwalipa wakulima kwa kuhifadhi udongo, na watumiaji wa maji wa Dar es Salaam wakachangia malipo hayo. Wakulima wakachimba matuta kwa hiari yao, kwenye milima ileile ambako matuta yalimwaga damu mwaka 1955.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro zianzie hapo. Amri yoyote ya kuzuia kilimo ipelekwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, ikiwa na jibu la chakula na fidia, na sehemu ya ankara ya maji ya Dar es Salaam ipande mlimani kila mwaka, siyo mpaka mfadhili apatikane.