Shelui Haihitaji Magari, Inahitaji Njia

Kuna imani imetukaa vichwani hapa Shelui kama ilivyowakaa watu wa Singida mjini, Nzega, Dodoma na kwingineko: kwamba aliyefanikiwa sharti aendeshe gari, na asiyeendesha bado hajafika. Mwalimu akipata mkopo wake wa kwanza, swali ni lini atavuta gari. Mfanyabiashara wa dengu akijaliwa msimu mzuri, watu wanangoja waone atarudi na nini kutoka Dar es Salaam. Mji wenyewe tunaupima hivyohivyo: tunahesabu IST na Noah zilizoegeshwa mbele ya maduka, tunasema Shelui imeamka. Imani hiyo ni potofu. Inawatia watu kwenye madeni, inawafunga macho viongozi wasione nani hasa anabeba mji huu, na pale kwenye lami inaua.

Simama asubuhi ya siku ya mnada mahali barabara kuu inapokatiza mji. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita, mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam yanapita, na tangu Oktoba 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, hayakomi hata watu wakishalala. Huo ni msafara wa wengine. Kinacholisha soko letu kinakuja kutoka pembeni: alizeti, dengu, mtama, mpunga wa mbugani, mkaa, kuku wa kienyeji, maziwa. Na sehemu kubwa ya vitu hivyo inafika kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe au punda, kwa bodaboda na juu ya vichwa vya akina mama.

Itazame baiskeli moja kwa karibu. Ni Phoenix nyeusi ya Mchina. Keria iliyokuja nayo kutoka kiwandani ilishatupwa zamani. Fundi wa kuchomelea ameweka ya nondo, pana, inayoweza kukaliwa na watu wawili. Magunia mawili yamelazwa, la tatu limekaa juu, yote yamekazwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Mwenyewe hajapanda. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya siti ili mzigo usimlemee. Ametoka bonde la Wembere kabla hakujapambazuka, na shati limegandamana na mgongo kwa jasho. Akifika kwenye lami anapigiwa honi apishe.

Huyo ndiye msafirishaji mkuu wa Shelui. Hakuna mahali alipotengewa pa kuegesha, hakuna kivuli cha kupumzikia, na hakuna mpango wa barabara niliowahi kuusikia ukimtaja. Tunamwona kama mtu aliye njiani kuelekea kununua pikipiki, kisha gari, kana kwamba anachofanya leo ni cha muda tu. Baba yake alisukuma baiskeli kwenye njia ileile. Mtoto wake huenda akaisukuma pia, na hilo halitakuwa balaa iwapo njia itakuwa nzuri.

Nihesabu gharama, maana hapo ndipo imani hii inapowaumiza hata wale inaowapamba. Gari dogo la mtumba kutoka Japani likishuka bandarini linalipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na likiwa na umri mkubwa linaongezewa ushuru wa uchakavu. Halijawashwa. Kisha linakuja huku bara, ambako mafuta hayauzwi kwa bei ya pwani. EWURA hutangaza bei elekezi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari ndivyo lita inavyopanda. Agosti 2022 petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Sisi tulio ng'ambo ya mlima Sekenke tulilipa zaidi ya hapo. Nimewaona watumishi wenye mishahara ya kueleweka wakiingia kwenye mikopo ya kausha damu ili wabadilishe matairi. Mshahara unakatwa benki kabla haujafika mkononi, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, na gari linaoshwa kila Jumamosi.

Na gari hilo linafanya kazi gani? Linatoka nyumbani kwenda dukani, dukani kwenda kanisani au msikitini, na kurudi. Mji wetu umejipanga kando ya barabara. Safari nyingi za ndani baiskeli huzimaliza kabla injini haijapata moto. Gari ninalo. Nimeamua lisimame uani, litoke kwa mgonjwa, kwa msiba wa mbali au kwa mzigo wa kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya yetu. Ninapopita kwa baiskeli watu wananipa pole: "Gari limekufa, mzee?" Wanauliza kwa upendo, na hapo ndipo ninapoona ugonjwa ulivyoingia ndani. Mtu mzima mwenye afya akiendesha baiskeli kwenda sokoni, tunadhani amepatwa na jambo.

Kuna hoja ya masika, kwamba mvua zikinyesha huwezi kuishi bila gari, na ninaitaka iletwe, kwa sababu inasimama upande wangu. Wembere ina ule udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unanata kama ugali kwenye mwiko, unajaza matairi mpaka hayazunguki. Msimu huo IST haifiki mashambani. Noah haifiki. Hata gari la kampeni, tuseme ukweli, haliendi. Mwenye baiskeli anaikwangua kwa kijiti, anaibeba begani mahali pabaya, anasonga mbele. Kwa hiyo mahali ambapo usafiri unahitajika zaidi, gari binafsi ndilo la kwanza kushindwa. Kinachotakiwa huko ni kalavati, tuta lililoinuliwa, changarawe na mfereji wa maji. TARURA iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara kama hizo, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta ili zijengwe. Fedha hiyo inalipwa pia na abiria wa bodaboda na mwenye mashine ya kukamua alizeti. Wana haki ya kuuliza kalavati lao liko wapi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mgonjwa. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu usiku, kijiji kiko mbali, utampakia kwenye baiskeli? Sitampakia. Lakini tazama jinsi jambo hilo lilivyotatuliwa na watu waliokaa wakafikiri. Mpango wa m-mama ulianzia Sengerema na kwa majirani zetu wa Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu inapigwa 115, bure. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa, anamchukua mama au mtoto mchanga, na malipo yake yanaingia kwenye simu yake. Huo ndio uzuri wa gari: liwepo pale linapoitwa. Kijiji chenye dereva mmoja anayeitika usiku kimemsaidia mzazi kuliko kijiji chenye magari kumi ambayo wenyewe wamezima simu. Tunachopaswa kudai ni magari machache ya wote yanayofanya kazi, na tuache kumwambia kila maskini kwamba usalama wa mkewe unategemea yeye kununua la kwake.

Vivyo hivyo kwa safari za Kiomboi. Mtu wa Shelui akitaka kufika makao makuu ya wilaya yake anapanda hadi Misigiri, anashuka, anangoja chombo kingine. Nikisikia mtu anasema ndiyo sababu anahitaji gari lake, namwelewa, lakini kinachomsumbua ni kungoja. Noah inayoondoka kwa saa inayojulikana, imejaa au haijajaa, ingemtoa kwenye mkopo. LATRA inatoa leseni za njia. Ratiba nayo inaweza kuwa sharti. Hata upande wetu huu wa mkoa uliwahi kuwa na reli: Waingereza walijenga njia kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri miaka ya 1930, na muongo uliofuata wakaifunga na vyuma vikang'olewa. Usafiri wa pamoja uliletwa hapa ukaondolewa na watu waliotazama faida yao. Sisi tunauondoa wenyewe kichwani mwetu.

Sasa nije kwenye damu. Barabara ya Singida hadi Shelui, kilomita zipatazo 110, ilipowekwa lami tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Aliyepanda Sekenke ya zamani kwa lori anajua. Lakini mwendo uliongezeka na hakuna aliyemwekea mtu wa miguu kitu. Sheria inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na kibao kipo. Trafiki akiondoka, kibao kinabaki peke yake. Mtoto wa shule anavuka akikimbia mbele ya lori lenye tela. Mwenye baiskeli ya mkaa anabanwa mpaka gurudumu linaanguka kwenye ukingo uliomomonyoka, na kuurudisha mzigo ule juu ya lami wakati basi linakuja ni kazi ya kuhatarisha roho. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hakuna kinachoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kuliko barabara. Tukizika, tunasema siku yake ilifika. Siku ile haikufika yenyewe.

Hapo utaambiwa hakuna nafasi. Nafasi ipo, na ni kubwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 60, mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba zimewekewa alama ya X kwa ajili ya hifadhi hiyo. Lami yenyewe inatumia sehemu ndogo tu. Njia ya mita mbili kila upande kwa ajili ya miguu na baiskeli, iliyotenganishwa na lami kwa mstari wa miarobaini, inaingia humo na nafasi inabaki. Tulikubali kuwabomolea watu ili barabara ipumue. Hatujakubali kuwapa watu haohao mahali pa kupita.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli zake, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai watoto wao wasiuawe, na mwaka 1973 mafuta yalipoadimika magari yalipigwa marufuku siku za Jumapili. Njia za baiskeli zilitokana na madai hayo. Lakini huhitaji kwenda Uholanzi. Wazee wa hapa wanakumbuka zama za Mwalimu Nyerere, mafuta yalipokuwa ya shida, magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, na nchi haikusimama. Kigali, ambako malori haya yanayotupita yanakwenda, tangu mwaka 2016 imekuwa na asubuhi za Jumapili ambapo barabara zinafungwa kwa magari, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli na kupimwa afya.

Bodaboda siwasahau. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipowatambua, vijana wengi wa hapa wamepata riziki, na kwa kijiji kisichopitiwa na gari wao ndio mlango wa dunia. Ila mshikaki wa abiria wawili na mtoto katikati, bila kofia ngumu, kwenye barabara moja na malori ya tani 30, hauwezi kuitwa usafiri wa umma. Hawa nao wangenufaika na njia yao kando ya lami kuliko mtu mwingine yeyote.

Na kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Baiskeli ikiwemo nyumbani, mara nyingi ni ya baba. Mama anabeba ndoo ya maji na mzigo wa kuni kichwani, na binti anatembea kwenda sekondari umbali ambao kaka yake anaupanda. Bei ya gari moja la mtumba ingenunua baiskeli za mabinti wa kitongoji kizima. Mwanamume anayeweka akiba ya gari huku binti yake akifika darasani kipindi cha pili kimekwisha, asiseme anatafuta maendeleo ya familia.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na vipaumbele vya bajeti ya Halmashauri ya Wilaya ya Iramba vinatakiwa kuanzia huko. Nitakwenda na mambo yafuatayo: halmashauri iiandikie TANROADS kudai njia ya miguu na baiskeli pande zote mbili za barabara mjini, kuanzia shuleni hadi sokoni, matuta na kivuko mahali watoto wanapovukia, kalavati kwenye njia za mbugani kabla ya mvua za Novemba, na banda la baiskeli pale mnadani. Wenye magari waje pia. Barabara ikipungukiwa na magari yasiyo na sababu ya kuwapo, wao watafika Kiomboi mapema zaidi.