Jina la Ugonjwa na Namba Yake



Tumbo la mtu likijaa maji na macho yakawa manjano, wengi wetu hukimbilia hukumu mbili: karogwa, au anakunywa pombe kwa siri. Kwa familia ya Kiislamu hukumu ya pili ni fedheha, na mgonjwa huishia kufichwa nyumbani. Lakini ini huweza kuharibika pasipo pombe, kwa sababu damu inayoingia haipati njia ya kutoka.

Mishipa inayotoa damu katika ini ikizibwa, mara nyingi na damu iliyoganda, ini huvimba na maji hujaa tumboni. Ugonjwa huu wa nadra huitwa Budd-Chiari, kwa majina ya George Budd wa London, aliyeueleza mwaka 1845, na Hans Chiari, aliyeandika juu yake mwaka 1899. Kwa kawaida uchunguzi huanza na picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha mwendo wa damu. Tiba yaweza kuwa dawa za kuzuia damu kuganda, kuzibua mshipa, au hata kupandikizwa ini jingine.

Upo ugonjwa wa pili unaofanana nao, ila huziba vijishipa vidogo vya ndani ya ini. Huletwa na baadhi ya dawa kali za saratani, na pia na baadhi ya mitishamba. Mwaka 1954 madaktari Bras, Jelliffe na Stuart waliueleza kutoka Jamaika, ambako watu walinyweshwa chai ya majani ya porini. Mimea mingine ya chai hiyo ni ya jamii ya marejea tuijuayo Tanzania, ingawa si kila aina ya marejea ina sumu sawa.

Hospitali za Marekani huandika kila ugonjwa kwa namba, na orodha inayotumika ilianza tarehe 1 Oktoba 2015. K70 ni ini lililoharibiwa na pombe. K76.5 ni ule wa vijishipa vidogo. Budd-Chiari ni I82.0, nao umewekwa katika sura ya moyo na mishipa, si ya ini. Bima hutazama namba hizo kabla ya kulipa. Mwenye kuziandika haruhusiwi kukisia. Hufuata maneno ya daktari, na daktari hutegemea vipimo pamoja na maelezo yetu.

Basi mtajieni daktari kila dawa ya miti mliyotumia. Msimfanye mtoto kuwa mkalimani, kwani atamuulizaje baba yake kama hunywa pombe? Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zapaswa kisheria kutoa mkalimani bila malipo. Ombeni nakala ya kumbukumbu zenu, na namba ikipingana na maneno ya daktari, ombeni kwa maandishi isahihishwe.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Wassalaam.

Mwalimu wenu