Fundi, nakili kwanza
Na Mwajuma Kitwana

Juzi nimemwona fundi wa kompyuta akipoteza barua pepe za miaka mingi za mtu, kisha akasema ni kawaida. Si kawaida. Ni uzembe, na hasira yangu haijapoa.

Ilikuwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Dada mhasibu alilalamika kwamba barua zikishaingia kwenye kompyuta ya mezani, kwenye simu hazioni. Fundi akatazama. "Dada, unatumia POP, mambo ya kizamani. Nakuwekea IMAP." Dawa ilikuwa sahihi, ila suala si uzamani: POP ya kwanza ilitoka 1984, na Mark Crispin akabuni IMAP pale Stanford mwaka 1986. Zinatofautiana kwa kazi. POP hushusha barua kwenye kompyuta na, ikipangwa hivyo, huzifuta kwenye seva, kama mtu anayekomba sanduku la posta akaenda na kila kitu nyumbani. IMAP huziacha kwenye seva, simu na kompyuta zikasoma humohumo.

Akatafuta mahali pa kubadilisha. Kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya dada, hapapo. Akaunti ya POP haigeuki kuwa IMAP, unafungua nyingine. Yeye akaanza kwa kuifuta ya zamani, tena akaweka tiki kwenye kisanduku kinachoondoa na barua zenyewe. Nilipaza sauti. Akabonyeza.

Kikasha kipya kikafunguka kitupu. "Subiri, zinashuka." Zishuke kutoka wapi? Kwenye seva zilishafutwa zamani. Ankara, hati za mizigo, mabishano na wateja, vyote vilikuwa kwenye diski ile peke yake.

Ninyi mlionibatiza Mama Nakala mnajua nitakachosema, na nitakisema tena. Nakili folda nzima ya barua kwenye diski ya nje. Iache akaunti ya zamani mahali pake, lakini izuie isiendelee kuchukua barua, maana itaendelea kuzikomba huku mpya ikibaki na njaa. Fungua akaunti ya IMAP kando yake, mlango 993 badala ya 995. Uliza seva ina nafasi kiasi gani, kisha nakili barua kutoka folda za zamani kwenda mpya, kidogo kidogo. Zifungue kwenye simu, uhakikishe. Kufuta kuje baada ya hapo, na hata kusipokuja hakuna hasara.

Mafundi wetu hawafanyi hivi kwa sababu wanalipwa kwa haraka. Hakuna anayewauliza kilichobaki.

Nilimwambia dada azime kompyuta ile, asihifadhi chochote juu ya diski, atafute mtaalamu wa kuokoa data. Fundi alikuwa bado amesimama pale, anasubiri malipo. Nikamwambia dada asimpe hata senti, na leo narudia hapa ili naye asome.