Mahakama ya Rufani ni ya Nani?



Haki ya kukata rufani ni ya kale. Twasoma katika Matendo ya Mitume jinsi Paulo, akiwa mbele ya Festo huko Kaisaria, alivyokataa kupelekwa Yerusalemu akahukumiwe na waliokwisha kumchukia, akakata rufani kwa Kaisari. Lakini na tukumbuke kwamba Paulo alikuwa raia wa Rumi. Asiyekuwa raia hakuwa na mlango huo. Basi swali ambalo historia ya mahakama zetu yatuuliza ni hili: mlango wa rufani uko wazi kwa nani?

Chini ya Wajerumani, kule Tanganyika, mahakama ya juu ya Dar es Salaam ilisikiliza rufani za Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na mkuu wa wilaya, aliyekuwa mtawala na hakimu kwa pamoja, na kiboko kilikuwa sehemu ya hukumu. Upande wetu Waingereza waliunda Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902, mwaka ule ule lilipojengwa jumba la mahakama lililo karibu na Fort Jesus, ambalo leo ni la makumbusho. Sheria ilimruhusu Mwafrika kukata rufani, lakini majaji waliteuliwa na mkoloni, na ngazi ya mwisho ilikuwa London. Dedan Kimathi alipohukumiwa kifo mwaka 1956, rufani yake ilitupwa, naye akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Mahakama hiyo iliendelea baada ya uhuru hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ndipo Kenya ikaunda Mahakama yake ya Rufani. Tulitumaini kwamba mahakama ya wenyewe ingekuwa ya wananchi. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilibadili Katiba, likawaondolea majaji ulinzi wa kazi yao. Mawakili na viongozi wa makanisa walipaza sauti, na mwaka 1990 ulinzi ule ukarudishwa. Hata hivyo, kurudisha maneno katika Katiba si sawa na kurudisha ujasiri moyoni.

Mashahidi wetu ni kesi mbili. Bwana Kenneth Matiba alipatwa na kiharusi alipokuwa kizuizini. Alipopinga uchaguzi wa Rais wa mwaka 1992, mkewe alitia sahihi kwa niaba yake kwa hati ya uwakilishi. Kesi ilitupwa kwa kuwa hakutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1997, Bwana Mwai Kibaki naye alifungua kesi. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kesi yake haikufaa kusikilizwa, kwa kuwa Rais hakukabidhiwa hati ana kwa ana. Sasa twauliza: ni raia gani wa kawaida angepenya ulinzi wa Ikulu ili amtie Rais karatasi mkononi? Katika kesi zote mbili kura zenyewe hazikupimwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta uchunguzi wa majaji wote waliokuwa kazini, na mwaka 2012 bodi iliyoundwa kwa kazi hiyo ilitangaza kwamba majaji wanne wa Mahakama ya Rufani hawakufaa kuendelea. Mwaka 2013 Pwani ilipata kituo cha mahakama hiyo, kule Malindi. Kabla ya hapo makao yalikuwa Nairobi, na majaji walikuja Mombasa kwa vikao vya kupita tu. Hayo yalikuwa matunda ya mageuzi, wala hayakudondoka yenyewe.

Lakini ukaribu wa jengo peke yake hautoshi. Na tuwatazame ndugu zetu wa Owino Uhuru, huko Mikindani, sehemu iliyokuwa ya jimbo la Changamwe kabla ya Jomvu kupata jimbo lake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia sumu ya risasi katika damu ya watoto. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 2014. Walishinda kwa sababu hawakuchoka, mfano wa yule mjane wa Injili ya Luka aliyemwendea kadhi dhalimu bila kukoma. Je, ni wangapi wa Likoni na Kisauni waliochoka njiani, ambao majina yao hatutayasikia kamwe?

Basi twawasihi mambo matatu. Kwanza, kila parokia na kila usharika uwe na mtu anayejua kwamba taarifa ya kukata rufani katika mahakama hiyo hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Wanyonge wengi hupoteza haki yao kwa kutojua hesabu hiyo. Pili, tuhudhurie vikao, kwa maana jaji anayetazamwa na wananchi hupata nguvu ya kumkatalia mkubwa. Tatu, mwanasiasa yeyote, hata wa upande wetu, akitisha majaji kwa sababu hukumu haikumpendeza, tumkemee hadharani. Waliowanyang'anya majaji ulinzi wao mwaka 1988 walifikiri kwamba serikali ingekuwa yao daima. Nasi tusijidanganye kwamba kesho hatutasimama mbele ya majaji hao hao tukiomba kusikilizwa.